Harufu ya mbwa uani haimalizwi na jiki, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza mke wangu aliisoma akasema ina matusi, nikaichana. Hii ya pili ameipitisha.

Mwezi uliopita, kwenye ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani, mmetoa ushauri kwa sisi tunaofuga mbwa na paka. Mmesema ua ukinuka mkojo, mtu achukue jiki, aimwage hivyo hivyo bila kuizimua kwa maji, aiache nusu saa, kisha amimine siki juu yake ili harufu ikatike. Ushauri huo huo mliutoa mwaka jana, sidhani kama kuna hata nukta iliyobadilika. Mwaka jana niliufuata, na mjukuu wangu akakohoa siku mbili. Nilinyamaza, nikasema kuteleza si kuanguka. Sasa mmerudia, na nikinyamaza tena nitakuwa nimeshiriki.

Mimi ni mchoma chokaa mstaafu, mkazi wa Majani Mapana hapa Tanga. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye matanuri ya chokaa upande wa Amboni, na kabla ya hapo nilikuwa kibarua wa mkonge. Kemia niliishia ile ya kidato cha pili. Lakini mtu aliyezima chokaa kwa maji na kuiona inachemka kama uji bila moto chini yake, anajua mawili matatu kuhusu vitu vinavyounguza pua.

Mbwa wenyewe si wangu. Binti yangu alipata uhamisho wa kikazi kwenda Dodoma, akaniachia mtoto wake wa miaka sita na mbwa wawili, Bosi na Sheba. Mtoto nilimwomba. Mbwa sikuwaomba, ila tangu waje hakuna aliyeruka ukuta, na bomba la simtanki ambalo tulikuwa tunaibiwa kila mwaka bado lipo mahali pake. Kwa hiyo walikaa.

Ua wangu ni mdogo, hatua kumi na mbili kwa nane. Upande mmoja kuna karo la kufulia, pembeni yake simtanki juu ya jukwaa la bloku, na kwenye kona kuna mwarobaini mkubwa niliouotesha mwenyewe. Nyuma ya ukuta huo wa kona anaishi jirani yangu, Hajati, ambaye asubuhi anapika vitumbua na jioni bajia. Ukuta ni wa bloku na chini yake fundi aliacha tundu la kupitishia maji ya mvua, jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Wasomaji wa pwani watanielewa nikisema habari ilianza na kusi. Wakati wa kaskazi upepo ulikuwa unavuma toka kwa Hajati kuja kwangu, tunakula harufu ya hiliki bure. Mwezi wa nne ukageuka. Mimi sikuwa nasikia kitu, maana pua huzoea. Hata kule kwenye tanuri wageni walikuwa wanakohoa getini na sisi tunapiga soga. Asubuhi moja mjukuu wa Hajati akaja na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi kasema nikuulize, humu ndani kuna mgonjwa?"

"Hatuna mgonjwa. Kwani vipi?"

"Kasema kama yupo aje kumwangalia."

Akaenda zake. Nilikula vitumbua viwili vizima, cha tatu kikiwa mkononi ndipo nikaelewa nimeambiwa nini. Nilikwenda kusimama kwenye kona ya mwarobaini, nikainama, nikavuta pumzi. Mhariri, macho yalilia.

Basi nikaanza kuhangaika kama wanavyohangaika wengine. Kwanza nilinunua ile dawa ya sakafu inayogeuka maziwa ukiitia maji, yenye harufu ya msonobari. Nikapiga deki ua mzima. Kwa saa tatu kulinuka msonobari, jioni kukanuka msonobari na mbwa, asubuhi mbwa peke yake. Niliendelea hivyo wiki nzima. Baadaye afisa mifugo (huyu nitamrudia) akaniambia dawa za jamii hiyo, zile zenye fenoli, ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini la paka haliwezi kuzivunja kama letu. Paka anakanyaga sakafu, anakaa pembeni anajilamba nyayo, kwisha. Na paka wa Hajati kutwa yuko uani kwangu. Nilipata jasho nikifikiria ningepeleka maneno gani kule ng'ambo ya ukuta.

Pili nikaja na chokaa. Hapa naomba wachoma chokaa wenzangu wanisamehe kwa kutoa aibu nje. Nilijiona mtaalamu. Nikachukua chokaa iliyozimwa, nusu ndoo, nikaitandaza kwenye ile kona yenye unyevunyevu, nikarudi nyuma kuitazama kama mtu aliyepaka nyumba rangi. Haikupita dakika kumi uvundo ukapanda mara dufu, wa kuchoma, mke wangu akatoka jikoni na khanga puani akauliza nimefanya nini. Bosi alipita juu yake na miguu iliyolowa, akashinda kutwa analamba kucha.

Nilikaa nikajiuliza, nikakumbuka kitu ambacho mkulima yeyote wa Muheza anakijua: mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, huichanganyi na chokaa. Ukichanganya, nguvu ya mbolea inapaa hewani, unabaki na vumbi. Hiyo nguvu inayopaa ni amonia, na mkojo uliochacha ni amonia hiyo hiyo. Mkojo ukiwa mpya haunuki sana; una urea, na urea haina harufu. Vijidudu vya udongoni ndivyo vinavyoivunja kuwa amonia, na vinafanya kazi hiyo vizuri panapokuwa na unyevu na kivuli. Sehemu ya amonia inabaki imefungwa kwenye maji na udongo. Chokaa inaifungua yote kwa mpigo. Majivu nayo ni ndugu wa chokaa katika hili, na magadi vilevile. Najua majivu yanasaidia chooni, yanakausha na kupunguza nzi, mama yangu alikuwa anayatia kila jioni. Lakini juu ya mkojo wa mbwa uliolowa uani, subiri kwanza pakauke.

Tatu ndipo likaja gazeti lenu, lile la mwaka jana.

Ilikuwa Jumamosi. Nilinunua chupa mbili za jiki dukani, zile za lita moja. Siki ndani ilikuwa imekwisha, mke wangu alikuwa ameitumia kwenye kachumbari ya wageni, nikasema nitaanza na jiki, siki nitaagiza baadaye. Nikamwaga chupa nzima kwenye ile kona, pale pale kwenye mkojo wa usiku ambao haujakauka. Upepo haukuwapo, na kona yenyewe ina kuta pande mbili na turubai juu ambalo nililifunga ili mbwa wapate kivuli. Mjukuu alikuwa amechuchumaa kando ya simtanki anacheza na kifuniko cha ndoo. Kwanza nilisikia kooni kama nimemeza pilipili manga. Halafu nikasikia mtoto anakohoa, kikohozi kile kikavu kisichopumzika. Nilimbeba nikatoka naye barabarani na kandambili mguu mmoja. Tulikaa chini ya mkungu wa jirani wa mbele mpaka akatulia. Usiku alikohoa, na kesho yake pia. Zahanati walimsikiliza kifua wakasema tumshukuru Mungu kwamba tulikuwa nje.

Muuguzi wa pale ndiye aliyenieleza, wala hakunieleza kwa upole. Jiki ikikutana na amonia inatoa hewa inayoitwa kloramini, na hiyo ndiyo tuliyoivuta. Jiki ikikutana na siki, limau au dawa yoyote yenye asidi, kama zile za kung'arishia choo, inatoa klorini yenyewe. Kwa maana hiyo, Mhariri, mtu akifuata ushauri wenu mpaka mwisho anatengeneza zote mbili mahali pamoja, ya kwanza kwa mkojo na ya pili kwa siki. Mimi niliokolewa na kachumbari.

Sisemi jiki ni mbaya. Shuka zetu zinafuliwa kwa jiki. Hata sakafu ya uani inaweza kupigwa jiki iliyozimuliwa vizuri, ikiwa imekwisha kuoshwa kwa maji mengi mpaka hakuna mkojo, mbwa wamefungwa mbali, watoto wako ndani, na hakuna kingine kilichomwagwa hapo. Ila mtu akishaosha mpaka kufikia hapo, mara nyingi ataona harufu imeondoka na jiki yake bado iko kabatini.

Sasa nimrudie afisa mifugo wa kata yetu. Alipita kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, nikamweleza shida yangu huku nikitarajia aniandikie jina la dawa. Hakuuliza nimetumia dawa gani. Aliomba ndoo ya maji. Akasimama katikati ya ua, akaimimina chini yote kwa mara moja, akatia mikono mfukoni, akatazama. Mimi nami nikatazama. Maji yalikimbia upande wa mwarobaini, yakafika pembeni ya simtanki, yakasimama. Sakafu ilikuwa imepasuka pale, saruji imeliwa na kubaki kokoto, na chini yake udongo mweusi laini kama mboji. Tulisubiri. Maji yakawa yanazama polepole kwenye ule ufa, na kidogo yakanyata mpaka kwenye tundu la ukutani, yakaenda kwa Hajati.

"Mzee," akasema, "huna tatizo la harufu. Una tatizo la maji."

Akanionesha na kitu kingine. Bosi, ambaye ni dume, alikuwa anakojoa kwenye nguzo ile ile ya bloku kila siku, kwa kuwa akinusa anasikia jana yake. Usipoiondoa ile ya jana kabisa anaiona kama barua inayodai majibu. Dume asiyehasiwa ndiye mwenye tabia hiyo zaidi. Na kwa paka dume ndiyo kabisa, maana ana kitu maalumu kwenye mkojo wake kinachotoa ule uvundo ambao ukishika ukuta hautoki kwa wiki, na akihasiwa kinapungua. Kumhasi Bosi nilisita, nikasema nimwulize mwenyewe kwanza, yaani binti yangu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi.

Jioni ile nilikwenda kwa Hajati. Nilikuwa nimechelewa mwezi mzima, lakini nilikwenda. Nilipiga hodi, nikakaribishwa, nikakaa kwenye kigoda barazani, na sikuzungukazunguka. Nikamwambia, "Hajati, nimekuja kuomba radhi. Maji ya uani kwangu yanakuja kwako."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Alhamdulillahi, umeyaona mwenyewe."

Mimi ni Mbondei na ni Mkristo, nimekaa na Waislamu maisha yangu yote, na nilidhani najua habari ya mbwa na udhu. Sikuwa najua. Nilidhani kinachomkera ni mbwa kuwapo. Akaniambia hapana, mbwa wa ulinzi hana ugomvi naye, na kikavu kwa kikavu hakinajisi. Shida ni majimaji. Tangu masika ianze, mvua ikinyesha, maji yanatoka kwenye lile tundu yanapita kwenye kijia chake cha kwendea bombani anakotilia udhu, na kwa madhehebu yake kilichoguswa na unyevu wa mbwa kinaoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Mama mtu mzima mwenye magoti mabovu alikuwa anaosha kile kijia mara saba, alfajiri, kabla ya kuwasha jiko la vitumbua. Hakuwa amesema. Alituma sahani.

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo. Asubuhi yake nikaziba lile tundu kwa saruji, hata kabla sijanywa chai.

Kazi yenyewe ilituchukua siku nne, mimi na kijana mmoja fundi wa mtaani. Tulivunja ile kona, hatua tatu kwa mbili. Tukatoa udongo mweusi inchi nne kwenda chini, na mahali pa ufa inchi nane, mpaka tukafikia udongo usionuka. Namna ya kujua ni kuchukua konzi, kuitia kwenye kopo, kumwagia maji ya moto kidogo na kunusa. Udongo mkavu unakuficha, ukilowa unasema ukweli. Ndiyo maana watu wengi wanasema harufu imeisha wakati wa jua na mvua ya kwanza ikija wanashangaa. Ule udongo tuliutandaza juani mbali na nyumba. Tukajaza kokoto, tukashindilia, juu yake mchanga wa mto, si wa baharini wenye chumvi, kisha zege, na mwisho tukapiga niru, yaani saruji tupu ya kulainisha juu, mpaka ikawa laini kama sahani. Saruji isiyopigwa niru ni sifongo. Mkojo unaingia ndani na hakuna ufagio utakaoufikia.

Kilichonigharimu ugomvi na fundi ni mteremko. Yeye alitaka pawe bapa papendeze. Nilimwambia nataka inchi moja kwa kila futi nne, na kila alipogeuka nilimimina kikombe cha maji nione kinakwenda wapi. Alinichoka, lakini sasa maji yote ya uani yanakwenda kwenye mfereji mdogo unaoingia kwenye chemba yangu mwenyewe. Nikakata matawi ya mwarobaini upande wa mashariki na kulitoa lile turubai, jua la saa tatu linapiga pale moja kwa moja. Mbwa wakahamishiwa kivuli upande wa pili, penye sakafu kavu.

Haja ya mbwa ilikuwa rahisi zaidi, tatizo lilikuwa uvivu wangu. Zamani nilikuwa naokota Jumapili. Sasa naokota kila asubuhi na beleshi kabla jua halijapanda, inakwenda chooni. Nilikuwa nikiitia kwenye tuta la mchicha nikijua ni samadi. Afisa mifugo alinikataza kwa ukali. Mbwa si ng'ombe. Mayai ya minyoo yake yanaiva udongoni kwa wiki mbili au zaidi, kisha yanaweza kukaa humo muda mrefu yakimsubiri mtoto anayecheza na mchanga halafu anatia kidole mdomoni. Ukiokota kila siku unayaondoa kabla hayajaiva. Dawa ya minyoo kwa mbwa sasa ni kila baada ya miezi mitatu, imeandikwa kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Chakula nacho kilikuwamo. Nilikuwa nawaletea vichwa na matumbo ya samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea kwa sababu ni bei ya bure, nawamwagia chini. Nyama na samaki vikizidi, urea inazidi kwenye mkojo, na shombo la matumbo yenyewe linabaki sakafuni. Sasa wanakula ugali wa dona na dagaa kidogo, kwenye bakuli, na bakuli linaoshwa. Maji ya kunywa yapo muda wote, kwa sababu mbwa mwenye kiu anakojoa mkojo mzito.

Kila siku asubuhi, baada ya kuokota, mke wangu au mimi tunamwaga ndoo mbili za maji kwenye kona ya Bosi na kusugua na ufagio wa chelewa. Mara moja kwa wiki tunapitisha siki, kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, kwenye sakafu iliyokwisha kuoshwa. Siki inaikamata ile amonia iliyobaki, na jiki haisogezwi karibu siku hiyo. Chini ya jukwaa la simtanki, ambapo ufagio haufiki, nimeweka gunia la chenga za mkaa. Zinanyonya harufu kiasi, si uchawi, na kila baada ya miezi miwili tunabadilisha. Basi, hakuna dawa nyingine.

Kuna wasomaji watakaosema mzee huyu anashughulika na harufu tu. Nao niwaambie nilichoambiwa mimi. Mwezi Julai 2022 watu waliugua Ruangwa, mkoa wa Lindi, homa na kutokwa damu puani, na serikali ikatangaza kwamba ni ugonjwa tunaouita homa ya mgunda. Vijidudu vyake vinapita kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa wa kwanza, na mbwa wamo, vinakaa kwenye maji na matope, na vinaingia kwa mtu kupitia kidonda au macho au mdomo. Sisemi uani kwangu vilikuwapo. Nasema mjukuu wangu alikuwa anacheza peku kwenye dimbwi la mkojo na mimi nikitafuta manukato. Siku hizi nikiosha ile kona navaa gambuti.

Na yupo kijana mmoja, sitamtaja, aliyenishauri mapema kabisa, "Mzee, watilie sumu, yaishe." Nilimwambia nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na hata isingekuwapo, ningemwambia nini binti yangu, na nani angelinda bomba la simtanki.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Chapeni masahihisho kwenye ukurasa ule ule, kwa herufi za ukubwa ule ule, yaseme waziwazi kwamba jiki haimwagwi juu ya mkojo na haichanganywi na siki. Mkipenda kuongeza habari ya ndoo ya maji, ongezeni, haina mwenyewe. Lakini hayo ya jiki ni lazima, kwa sababu hivi ninavyoandika kusi imekwisha kuanza tena, nyua nyingi zimefungwa kwa kuta ndefu, na watu wanakata kurasa zenu na kuzibandika jikoni. Mke wangu aliubandika wenu wa mwaka jana. Upo mpaka leo karibu na jiko, nimeupiga msalaba kwa mkaa.

Juzi, kusi ikivuma kwelikweli, mjukuu wa Hajati alipiga hodi. Nilipomwona moyo ukaniruka. Safari hii alikuja mikono mitupu.

"Bibi kasemaje?" nikamwuliza kabla hajaniamkia.

"Bibi kasema ile sahani yake na kawa mpaka leo hujarudisha."

Ilikuwa kabatini mwaka mzima. Sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo nilisubiri machungwa ya shemeji yangu yafike kutoka Muheza, nikaijaza, nikaipeleka mwenyewe.

Msomaji wenu,
Mchoma chokaa mstaafu,
Majani Mapana, Tanga.